Nondo Imeshikwa na Nini? Chuma, Zege na Nanga Kwenye Ujenzi Mkubwa

Kila jengo linapoporomoka au daraja linapokatika, lawama ya kwanza huwa ni ile ile: nondo zilikuwa chache, au nyembamba, au ziliibwa. Picha za vifusi zikishaanza kuzunguka kwenye simu, watu wanazikuza na kuhesabu vyuma vinavyoning'inia. Mara nyingine wanakuwa sahihi. Ila ukisoma ripoti za wachunguzi, hasa kuhusu madaraja na mahandaki, utaona mara nyingi wanahangaika na jambo jingine: chuma kilichokuwepo kilikuwa kimeshikwa na nini, na kiliachiaje.

Kwanza tuelewane kwenye majina. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji uliogeuka jiwe. Nondo ni fito za chuma zinazopangwa kabla zege halijamwagwa, kisha zikafunikwa nalo. Kebo za kukaza ni nyaya zilizosokotwa, za chuma chenye nguvu mara tatu au nne ya nondo ya kawaida, ambazo huvutwa kwa jeki na kufungwa ncha zikiwa bado zimevutika. Nanga ni chochote kinachoshika ncha ya chuma na kuupeleka mzigo wake kwenye kitu kingine: zege, mwamba au udongo. Inaweza kuwa kitako cha chuma chenye kabari, bolti iliyogundishwa kwenye tundu, au mita kadhaa za uji wa saruji uliosukumwa ndani ya shimo refu.

Kubanwa na kuvutwa

Zege ukilibana linastahimili sana, ukilivuta linakatika mapema. Uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kubanwa. Boriti iliyolala juu ya nguzo mbili ikibebeshwa mzigo hupinda kidogo kuelekea chini. Upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Ndiyo maana nondo kuu za boriti hiyo hukaa chini. Kwenye kibaraza cha ghorofa kilichoshikwa upande mmoja tu mambo yanageuka: juu ndiko kunakovutwa, kwa hiyo nondo kuu hukaa juu.

Hapo ndipo unapoona jinsi kuhesabu nondo kunavyoweza kudanganya. Siku ya kumwaga zege, mafundi wanapita na matoroli juu ya nondo za kibaraza, wanazikanyaga, nazo zinazama. Tuseme slabu ina unene wa sentimita 15, na nondo zilipaswa kuwa sentimita 12 kutoka chini, zikashuka hadi 7. Slabu hiyo imepoteza karibu asilimia 40 ya nguvu yake na hakuna hata kilo moja ya chuma iliyoibwa. Ukija kuzihesabu baadaye, hesabu itatimia.

Kuna imani nyingine inayofanana na hii, kwamba kazi ya nondo ni kuzuia zege lisipasuke. Hapana. Zege linapasuka likivutwa kiasi cha milimita 0.1 hivi kwa kila mita. Nondo ya kawaida, ikiwa kazini kwenye mzigo wake wa kila siku, inavutika zaidi ya milimita moja kwa mita. Maana yake zege linapasuka muda mrefu kabla nondo haijaanza kufanya kazi ya maana. Nyufa nyembamba kama unywele upande wa chini wa boriti ni dalili kwamba mzigo umehamia kwenye chuma, kama ilivyokusudiwa. Kanuni nyingi za usanifu huruhusu nyufa hadi milimita 0.3 hivi katika mazingira ya kawaida. Kazi ya nondo ni kuufanya ufa mmoja mpana ugeuke nyufa nyingi nyembamba. Ufa wa kukutia wasiwasi ni ule unaopanuka mwezi hadi mwezi, ule wa mshazari karibu na nguzo, au ule unaotoa maji ya rangi ya kutu.

Na kuongeza nondo bila hesabu? Ni kosa linalofanywa kwa nia njema. Boriti iliyosanifiwa vizuri, ikizidiwa, nondo zake huanza kunyumbuka kwanza: boriti inapinda, nyufa zinafunguka, watu wanaona na kukimbia. Ukiijaza nondo kupita kiasi, chuma hakifiki kwenye kunyumbuka. Zege la juu ndilo linalosagika kwanza, ghafla, bila dalili yoyote. Tena nondo zilizobanana haziachi kokoto zipite, na zege linabaki na mapango ndani yake. Nondo iliyo katikati ya pango haijashikwa na kitu.

Mshiko unavyofanya kazi

Sasa tufike kwenye kiini. Kamba ya kuvutia gari inaweza kuwa nene kadiri unavyotaka. Fundo likifunguka, gari linabaki pale pale. Nondo nayo lazima ifungwe ncha zote mbili, na fundo lake ni zege lenyewe.

Chukua nondo ya milimita 16, ya chuma kinachoanza kunyumbuka kikifika niutoni 500 kwa kila milimita mraba. Nondo hiyo moja inaweza kubeba karibu tani 10. Lakini tani 10 hizo lazima ziingie kwenye nondo kutoka kwenye zege, na upande wa pili zitoke kurudi kwenye zege, kupitia ngozi ya nondo pekee. Ndiyo kazi ya yale matuta madogo yanayoizunguka: yanajikita kwenye zege na kusukumana nalo. Kwa zege la kawaida, urefu unaohitajika ili nondo ishikwe kikamilifu ni kama mara 40 ya kipenyo chake, wakati mwingine zaidi. Kwa nondo yetu ni sentimita 64. Fundi akiiingiza sentimita 20 tu ndani ya nguzo kwa sababu nondo ilikuwa fupi na hakutaka kukata nyingine, amejenga kitu kitakachochomoka kikibeba theluthi moja ya mzigo.

Kunenepesha nondo hakuondoi tatizo hilo. Nondo ya milimita 32 ina nguvu mara nne ya ile ya 16, kwa sababu nguvu inafuata eneo la mkato. Ngozi yake imeongezeka mara mbili tu. Kwa hiyo inahitaji urefu mara mbili ili ishikike. Mahali penye nafasi finyu, nondo nyingi nyembamba huwa na mshiko bora kuliko chache nene. Nafasi ikikosekana kabisa, nondo inapindwa ncha kuwa ndoano, au inafungwa kichwa cha chuma kama kofia ya msumari.

Vivyo hivyo kwenye maungio. Nondo huuzwa kwa urefu wa mita 12, miundo mikubwa huzidi urefu huo, basi nondo mbili hulazwa sambamba zikapishana. Wengi wanadhani kinachoziunganisha ni ule waya mwembamba wa kufungia. Waya huo haubebi mzigo wowote wa jengo. Kazi yake ni kuzuia nondo zisihame wakati wa kumwaga, basi. Mzigo unatoka nondo ya kwanza, unapita kwenye zege lililo katikati, unaingia nondo ya pili. Ndiyo maana urefu wa kupishana una maana kubwa kuliko ukali wa fundo la waya, na ndiyo maana maungio yote hayawekwi mstari mmoja.

Ringi za nguzo, zile pete za chuma zinazozifunga nondo za wima, nazo zina hadithi yake. Nguzo ikitikiswa na tetemeko, zege la nje hubanduka kwanza. Ringi iliyofungwa kwa ncha zilizokunjwa nyuzi 90 ilikuwa inategemea zege hilo la nje kuishikilia. Likibanduka, ringi inafunguka na nondo za wima zinatawanyika. Ncha zikikunjwa nyuzi 135, zikaelekea ndani ya moyo wa nguzo, zinabaki zimeshikwa. Kwenye vifusi vya matetemeko ya Uturuki ya 1999 na 2023, ringi zilizofunguka kwa kukunjwa nyuzi 90 zilionekana tena na tena. Tofauti ya gharama kati ya kunja moja na nyingine ni sentimita chache za chuma na jasho kidogo la fundi.

Chuma kinachovutwa kabla ya mzigo kufika

Madaraja marefu hayawezi kujengwa kwa nondo za kawaida peke yake. Yangekuwa mazito kiasi cha kujielemea. Suluhisho ni kulibana zege kwanza, kwa makusudi, ili mzigo ukija kulivuta uanze kwa kuumaliza ubano huo.

Wazo hilo lilikuwepo tangu karne ya 19 na kila aliyelijaribu alishindwa. Alieleza sababu mhandisi Mfaransa Eugène Freyssinet, aliyeshuhudia daraja lake la Le Veurdre, lililojengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, likizidi kushuka katikati bila mzigo kuongezeka. Zege likibanwa kwa muda mrefu linajikunyata polepole, na pia linasinyaa likikauka. Jumla inaweza kufika karibu milimita moja kwa mita. Wale wa mwanzo walitumia chuma cha kawaida, ambacho kwa mvuto wa kiasi walichoweza kukipa kilirefuka kama milimita 0.6 tu kwa mita. Zege likijikunyata, mvuto wote unapotea. Freyssinet, aliyechukua hati ya ubunifu mwaka 1928, alitumia chuma cha nguvu kubwa sana, kinachoweza kuvutwa hadi kirefuke milimita 6 na zaidi kwa mita. Zege likimnyang'anya moja, bado anabaki na tano. Kwa maoni yangu hii ni moja ya hesabu fupi zilizobadilisha dunia kuliko nyingi ndefu.

Ukiitazama kazi yenyewe kwa karibu, utaona mambo yote yanaishia kwenye kipande cha chuma kinachotosha kiganjani. Kebo ya kawaida ya siku hizi ina nyaya 7, kipenyo milimita 15.2, na hukatika ikifika tani 26 hivi. Jeki huivuta hadi karibu robo tatu ya hapo. Kebo ya mita 40 inarefuka kama sentimita 26, na fundi anapima urefu huo kwa rula huku mwenzake akisoma geji ya jeki. Vipimo viwili visipokubaliana, kazi inasimama: pengine kebo imekwama mahali ndani ya bomba lake. Vikikubaliana, kabari zenye meno madogo zinasukumwa kuzunguka kebo ndani ya tundu lenye umbo la koni. Jeki ikiachia, kebo inataka kurudi, inaivuta kabari ndani, na kabari inazidi kubana. Kebo inarudi milimita 6 hivi, kisha inatulia. Kuanzia hapo, kwa miaka 100 ijayo, mzigo umeshikwa na meno hayo. Nyuma ya kitako cha nanga zege linabanwa sana kiasi cha kutaka kupasuka kwa pembeni, kwa hiyo hapo huzungushiwa nondo ya mviringo kama springi. Ni sehemu inayohitaji zege zuri kuliko pengine pote, na kwa bahati mbaya ndipo chuma kinapobanana zaidi.

Kwenye madaraja ya kuning'inia ukubwa unabadilika, kanuni haibadiliki. Kila kebo kuu ya daraja la Akashi Kaikyo la Japani, lililofunguliwa 1998 likiwa na umbali wa mita 1,991 kati ya minara yake, ina nyaya 36,830. Mwishoni nyaya hizo zinatawanywa katika mafungu 290, na kila fungu linashikwa peke yake ndani ya bonge kubwa la zege lililojengwa ufukweni.

Kutu inapoingia

Zege bichi na lililokomaa lina alkali kali ya aina ya chokaa, kinyume cha tindikali, na katika hali hiyo chuma hujifunika utando mwembamba unaokizuia kushika kutu. Kwa hiyo ile kutu nyepesi ya kahawia kwenye nondo zilizolazwa eneo la ujenzi kwa wiki chache haina madhara, hata inaongeza mshiko. Ya kukataliwa ni kutu inayobanduka magamba.

Hatari huja kutoka nje, polepole. Hewa ukaa inaingia kwenye zege na kuipunguza alkali ile. Chumvi, ya baharini au ya mchanga usiooshwa, inautoboa utando moja kwa moja. Kinga ni unene wa zege linaloifunika nondo, unaolindwa na vile vijiwe vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti. Kupenya kwa hewa ukaa hakuendi sawasawa na muda. Kina kikiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Geuza hesabu: biskuti ya sentimita 4 ikibadilishwa na ya 2, hujapoteza nusu ya maisha ya muundo, umepoteza robo tatu.

Kutu inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Inalisukuma zege, zege linapasuka kando ya nondo, linabanduka. Mara nyingi nondo yenyewe bado ina unene wa kutosha wakati huo. Kilichokwisha ni mshiko.

Kwa kebo zilizokazwa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu waya ulio kwenye mvuto mkubwa haukondi taratibu, unakatika. Ndiyo maana bomba la kebo hujazwa uji wa saruji baada ya kukaza, na ndiyo maana pengo la hewa ndani ya bomba hilo linaogopwa. Daraja la Ynys-y-Gwas huko Wales lilianguka 1985 baada ya kebo zake kuliwa na kutu kwenye maungio. Mwaka 1992 Uingereza ilisimamisha kwa muda ujenzi wa madaraja mapya ya aina hiyo hadi taratibu zirekebishwe. Kwenye daraja la Morandi la Genova, lililofunguliwa 1967 na kuanguka tarehe 14 Agosti 2018 na kuua watu 43, vyuma vikuu vya kuning'iniza barabara vilikuwa vimefungwa ndani ya zege. Zege hilo lilikusudiwa kuvilinda, likawa pazia. Wataalamu wa mahakama walikuta kutu imekula chuma sehemu ya juu ya mnara namba 9, mahali ambapo jicho halifiki. Sehemu ya daraja la Carola mjini Dresden iliyoanguka Septemba 2024, usiku, bila kujeruhi mtu, nayo ilikuwa na nyaya zilizokatika moja moja ndani ya zege.

Gundi, mwamba na vipimo

Tarehe 10 Julai 2006, vipande vya dari ya zege vyenye uzito wa zaidi ya tani 20 vilianguka ndani ya handaki la Boston na kumuua abiria mmoja wa gari. Bolti hazikukatika. Zilikuwa zimegundishwa juu kwa epoksi, zikajaribiwa kwa kuvutwa muda mfupi, zikafaulu. Lakini epoksi ya aina ile, ikivutwa mfululizo kwa miezi na miaka, ilitiririka kidogo kidogo kama nta, na bolti zikateleza nje. Jaribio la dakika chache haliwezi kukuambia gundi itafanya nini baada ya miaka mitano.

Nanga za ardhini zina hekima yake. Zinashika kuta za kuzuia udongo, misingi ya madaraja na mabwawa yanayotishwa kusukumwa na maji. Shimo linatobolewa, kebo inaingizwa, na uji wa saruji unaishika sehemu ya ndani kabisa. Sehemu ya kati inaachwa huru kwa makusudi, ipite eneo la udongo linaloweza kuporomoka, kwa sababu hakuna faida ya kujifunga kwenye kitu kinachoanguka pamoja nawe. Mhandisi André Coyne alitumia nanga za namna hii mwaka 1934 kulikaza kwenye mwamba bwawa la zamani la Cheurfas nchini Algeria, kila moja ikivuta karibu tani 1,000. Na nanga za ardhini hujaribiwa: kwa kawaida kila moja huvutwa kupita mzigo wake wa kazi na kuangaliwa kama inateleza, kabla haijakubaliwa. Hakuna anayeijaribu kila nondo ndani ya boriti namna hiyo. Nyingine huachwa na kipimo chini ya kichwa chake, ili hata baada ya miaka 20 mtu aweze kwenda kusoma kama bado inavuta.

Dari za handaki la Sasago huko Japani hazikuwa na kipimo cha hivyo. Bolti zake nazo zilikuwa za kugundishwa, na ukaguzi wa Septemba 2012 haukuzifikia kwa nyundo kwa kuwa zilikuwa juu mno. Desemba 2 mwaka huo huo dari ilianguka na kuua watu 9. Tangu 2014 kanuni za Japani zinataka kila daraja na kila handaki la barabara likaguliwe kwa karibu mara moja kila miaka 5, na mahandaki mengi yenye dari za namna ile yameng'olewa dari hizo, hewa ikasukumwa kwa feni.